Tarehe Isiyofika Kwetu: Namna ya Kuwagawia Watoto Somo la Historia kwa Miaka

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.t.), aliyetusimulia habari za waliotangulia ili tuzingatie. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, somo la Tarehe katika madrasa zetu nyingi huku Mara lina desturi moja ambayo sisi walimu tunaijua lakini hatuizungumzi. Kila mwaka huanza na Mwaka wa Ndovu. Mtoto husimuliwa kuzaliwa kwa Mtume (s.a.w.), kunyonyeshwa na Bi Halima, safari ya Sham na Pango la Hira. Tukikaribia Badr, Ramadhani imeingia na ratiba imebadilika. Baada ya Idi kuna mitihani ya shule, kisha likizo, kisha wengine wamekwenda shambani kwa babu. Januari wanakuja wanafunzi wapya, na mwalimu, ili wote waende pamoja, anaanza tena Mwaka wa Ndovu.

Mimi mwenyewe nilifundisha hivyo kwa miaka mingi, na nilidhani ninafundisha Tarehe. Aliyenizindua ni kijana aliyesoma kwangu miaka sita kabla ya kwenda sekondari. Alikuja likizo akanikuta barazani baada ya Alasiri, akaniambia kuwa darasani walisoma habari za misafara ya watumwa, na wenzake wakamgeukia wakamuuliza: hii dini yenu si ndiyo iliyokuja na minyororo? Kijana huyo alikuwa na uwezo wa kukutajia mashahidi wa Uhud. Lakini siku ile alinyamaza, kwa sababu hakuwa na neno hata moja juu ya jambo lolote lililotokea baada ya Mtume (s.a.w.) kufariki. Akaniuliza, “Sheikh, kwani baada ya pale Waislamu walikwenda wapi?”

Mwalimu wake wa shule hakukosea kutaja misafara, maana misafara ilikuwepo. Aliyekosea ni mimi, niliyekaa naye miaka sita na nisimfikishe.

Makala haya yanaeleza kwa nini hatufiki, na namna ya kuigawa miaka ya mtoto ili afike.

HUKUMU YA SOMO HILI

Kwanza tuiweke elimu hii mahali pake. Kujua Tauhidi, twahara, Swala na yaliyo halali na haramu kwa kadiri ya haja ya mtu ni fardhi ya lazima kwa kila mmoja. Wanachuoni wa Kishafii wameeleza kuwa wazazi ni wajibu wao kuwafundisha watoto misingi hiyo. Kuzama katika Tarehe si katika daraja hilo. Kuwepo katika umma watu wanaoijua ni fardhi ya kutoshelezana. Kwa hiyo mpango wowote wa historia unaokula saa za Qur'an au Fiqhi ni mpango mbovu, hata ukiwa na vitabu vizuri.

Lakini jambo likiwa fardhi ya kutoshelezana, haina maana kuwa lifanywe kwa kubahatisha. Umma wetu umehesabu miaka yake tangu Sayyidna Umar (r.a.) alipoweka kalenda ya Hijra, mwaka wa 16 au 17. Waislamu hawa ndio waliomtoa Imam at-Tabari, aliyefariki mwaka 310 Hijria (923), ambaye aliandika habari za Mitume na wafalme tangu kuumbwa ulimwengu. Si sawa watoto wa umma huo wajue miaka 23 tu, na iliyobaki waisikie kwa watu wengine.

Pia ieleweke kuwa hapa Tanzania jambo hili halizungumzwi badala ya shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto shule ya msingi, na katika mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 limo somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mtoto wetu anasoma historia shuleni atake asitake. Tunayoipanga hapa ni ile ya nyumbani na madrasa, inayokwenda sambamba na ya shule, ili zikikutana kichwani mwake zifahamiane.

DALILI YA KWENDA KWA DARAJA

Kufundisha kwa hatua ni mwendo wa dini yenyewe. Katika Surat al-Furqan, aya ya 32, Mwenyezi Mungu (s.w.t.) anataja makafiri waliouliza kwa nini Qur'an haikuteremshwa yote kwa mara moja. Na katika Surat al-Israa, aya ya 106, anabainisha kuwa iligawanywa ili isomwe kwa watu kwa kituo. Bi Aisha (r.a.), katika Hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, anaeleza kuwa yaliyotangulia kuteremka ni ya kutaja Pepo na Moto, na hukumu za halali na haramu zikaja baada ya watu kutulia katika Uislamu. Kuna mambo yaliyosubirishwa mpaka wenye kuyasikia wawe tayari kuyabeba.

Aliyeliweka jambo hili katika elimu ya ufundishaji kwa uwazi mkubwa ni Ibn Khaldun (732–808 Hijria, sawa na 1332–1406). Katika Muqaddima yake anasema, kwa maana, kuwa elimu humfaa mwanafunzi ikija kidogo kidogo kwa kurudiwa mara tatu. Mara ya kwanza apewe mambo makuu ya kila mlango kwa ufupi. Mara ya pili arudishwe mwanzo, apandishwe daraja, apewe sherehe na khitilafu. Mara ya tatu asiachiwe lililofungika ila limefunguliwa. Pia anaonya tusirefushe muda baina ya kikao na kikao, kwa kuwa hapo ndipo usahaulifu unapoingia.

Tazama tofauti yake na desturi yetu. Ibn Khaldun anarudia mara tatu baada ya kufika mwisho. Sisi tunarudia mara sita bila kuwahi kufika mwisho. Kurudia kwake ni kupanda ngazi. Kwetu sisi ni kukanyaga kipandio cha kwanza kila mwaka.

KAMBA YA SHUBIRI KUMI NA TANO

Kabla ya kupanga miaka, mwalimu apime mwenyewe njia ilivyo ndefu. Chukua kamba ya nyavu, ambayo Musoma haikosekani, uifunge ukutani. Kila shubiri moja iwe karne moja ya Hijra. Sasa tumo katika karne ya 15, kwa hiyo shubiri 15 zinatosha. Funga fundo mwanzoni kuwa ndiyo Hijra, mwaka 622. Miaka 11 ya kwanza, tangu Hijra hadi kufariki Mtume (s.a.w.) mwaka 632, itakuwa kiasi cha upana wa kidole.

Upana huo wa kidole ndio msingi wa kamba nzima, na hakuna fundo linalolingana nao kwa utukufu. Lakini kamba ina shubiri nyingine kumi na nne na zaidi. Huko ndiko kuliko na Baghdad, Kurtuba, Timbuktu na Kilwa, na karibu kabisa na ncha yake ndiko kuliko na Musoma. Watoto wakiiona kamba hiyo, nao wataanza kuuliza: tutafika lini?

MIAKA TISA, MIZUNGUKO MITATU

Sheria imetupa alama za umri. Mtoto huamrishwa Swala akiwa na miaka saba na husisitiziwa akiwa na kumi. Na katika madhehebu ya Imam Shafii, asiyebaleghe kwa alama nyingine huhesabiwa amebaleghe akitimiza miaka 15 ya mwezi mwandamo. Basi tangu saba hadi kumi na tano tunayo miaka tisa ya masomo. Igawe mizunguko mitatu ya miaka mitatu mitatu, na kila mzunguko ufike mwisho wa kamba.

Kwa mwaka, usijidanganye kwa kuhesabu wiki 52. Toa Ramadhani, toa mitihani na likizo, toa wiki za kulima na za kuvuna. Zinabaki kama wiki 36. Kati ya hizo, nne ziwe akiba kwa ajili ya misiba, maradhi na mvua. Masomo ya kupangwa ni 32, kila wiki somo moja la dakika 40. Mtoto asiongezewe zaidi ya hapo.

Mwaka wa kwanza: Mitume na Sira. Masomo 10 ya Mitume waliotangulia, pamoja na dola zilizotajwa katika habari zao kama Misri ya Firauni, na Warumi na Waajemi kwa sababu ya Surat ar-Rum. Masomo 10 ya Makka na 12 ya Madina.

Mwaka wa pili: tangu mwaka 11 Hijria hadi karne ya tisa. Makhalifa Waongofu, 632 hadi 661, masomo 8. Bani Umayya na Andalus, 6. Baghdad tangu kujengwa kwake mwaka 762, pamoja na elimu za tiba na hesabu na habari za India na China zilizofika huko, 6. Vita vya Msalaba hadi Salahuddin kuirejesha Baytul Maqdis mwaka 1187, 4. Wamongoli, kuanguka kwa Baghdad mwaka 1258 na Ayn Jalut mwaka 1260, 2. Mali na hija ya Mansa Musa mwaka 1324, 3. Pwani yetu, tangu maandishi ya msikiti wa Kizimkazi ya mwaka 500 Hijria (1107) hadi Ibn Battuta kufika Kilwa mwaka 1331, masomo 3.

Mwaka wa tatu: tangu hapo hadi leo. Dola ya Uthmaniyya na Konstantinopoli mwaka 1453, masomo 4. Wareno, tangu Vasco da Gama mwaka 1498 hadi Waomani kuitwaa Ngome ya Mombasa mwaka 1698, 5. Oman, Zanzibar, misafara na utumwa, 6. Uislamu katika Ziwa, 4. Mkutano wa Berlin wa 1884–1885, Abushiri na Maji Maji, 5. Vita viwili vya dunia, 3. Uhuru, Muungano na mkoa wetu, 5.

Kila mwaka masomo ni 32, wala usizidishe. Mwalimu anayependa Badr atatamani kuipa wiki sita. Ajizuie, kwa kuwa kila wiki anayoiongeza Badr anamnyima mtoto mahali pengine. Atarudi Badr mtoto akiwa na miaka kumi, na tena akiwa na kumi na tatu.

KANUNI YA KUVUKA

Kanuni moja ndiyo inayoulinda mpango wote: wiki za mlango zikiisha, vuka. Lisilomalizika libaki, usilibebe kama kiporo kwenda wiki inayofuata. Liandike katika daftari la mwalimu, lisomwe mzunguko ujao. Hili ni gumu kwetu tuliosoma vitabu kwa kukamilisha matini mlango kwa mlango. Lakini matini ya Fiqhi ukiruka mlango wa twahara, Swala inaharibika. Tarehe si hivyo. Mtoto aliyekosa habari za mfalme mmoja wa Bani Abbas hakuharibikiwa na kitu, na mtoto asiyefika karne yake ameharibikiwa.

Kuna atakayeuliza: je, mtoto akijiunga katika mwaka wa tatu, ataanza mwisho kabla ya mwanzo? Namjibu kwa kumkumbusha kuwa sisi sote tulianza Qur'an kwa Juzuu Amma, ambayo ni ya mwisho katika msahafu, na hatukupotea. Ataanza alipowakuta wenzake, na mwanzo utamjia mzunguko unapogeuka.

Hapo ndipo ilipo faida kwa nyumba yenye watoto wengi. Watoto wa miaka saba, kumi na kumi na tatu wote wanasoma mlango mmoja wiki hiyo hiyo. Mdogo anasikiliza kisa. Wa kati anafunga fundo kwenye kamba na kuandika mistari mitano. Mkubwa anasoma kitabu na kuwasimulia wenzake. Kwa Kiswahili tunacho Maisha ya Nabii Muhammad cha Sheikh Abdallah Saleh Farsy, na vitabu vya Sheikh Muhammad Kasim Mazrui juu ya Makhalifa. Mzazi hahitaji kuandaa masomo matatu kwa jioni moja.

Na wazazi wetu wavuvi wa dagaa wasiseme hawana nafasi. Wao hutoka usiku wa giza na taa zao, na mwezi unapong'aa huwa nyumbani. Siku hizo ziko jirani na zile siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15, ambazo kufunga kwake ni Sunna. Somo la wiki hiyo alishike baba baada ya kufuturu, na wiki nyingine mama au kaka mkubwa.

MAMBO MAZITO NA UMRI WAKE

Kasi si hesabu ya wiki peke yake. Ni kujua pia lipi lisemwe lini. Kuuawa kwa Sayyidna Uthman (r.a.) na fitna iliyofuata ni mfano. Katika mzunguko wa kwanza, mtoto ajue tu kuwa aliuawa kwa dhulma na kuwa Sayyidna Ali (r.a.) akashika uongozi. Katika wa pili ajue kuwa zilitokea vita baina ya Waislamu. Katika wa tatu aelezwe sababu, pamoja na adabu ya Ahlus Sunna ya kuzuia ndimi zetu na Masahaba. Ukimpa yote akiwa na miaka minane unamfundisha kuchagua upande kabla hajajifunza adabu. Ukimficha hadi mwisho atayapata kwa asiyekuwa na adabu.

Utumwa nao ni hivyo hivyo, na hapa narudi kwa kijana wangu. Mdogo ajue kuwa watu walikamatwa na kuuzwa, na kuwa ni dhulma. Wa kati ajue njia: bara hadi Tabora, Tabora hadi pwani, na kufungwa kwa soko la Zanzibar mwaka 1873. Mkubwa aambiwe ukweli bila kuzungushwa: wamo Waislamu walioifanya biashara hiyo, na kuwa kwao Waislamu hakukuihalalisha. Kumteka mtu huru na kumuuza ni katika madhambi makubwa. Katika Hadithi al-Qudsi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu (s.w.t.) anajitaja kuwa hasimu Siku ya Kiyama wa mtu aliyemuuza muungwana na kuila thamani yake. Asiyesema haya kwa watoto wake kwa kuogopa aibu, atawaachia aibu bila ya jibu.

Kisha aonyeshwe kuwa njia ile ile ya biashara ilipitisha na mambo mengine. Mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara, alifika katika jumba la Kabaka Suna wa Buganda, akathubutu kumkanya juu ya kuua watu akamweleza kuwa ana Muumba. Kabaka Mutesa alianza kufunga Ramadhani mwaka 1867. Na mwaka 1876 aliwaua vijana Waislamu wa jumba lake, ambao wanahistoria hukadiria walikuwa kiasi cha 70, waliokataa nyama aliyochinja asiyekuwa Mwislamu na kukataa kuswalishwa na mfalme asiyetahiriwa. Hawa walikuwa Waganda, wenyeji wa ziwa letu hili hili. Mtoto wa Bunda anayevuka kwa kivuko cha Kisorya kwenda Rugezi anafika Ukerewe, ambako katika miaka ya 1870 Songoro, mfanyabiashara kutoka pwani, alijenga jahazi lake. Kumbe Tarehe haiko Baghdad peke yake.

Nilipomweleza kijana wangu haya, alisikiliza mpaka Magharibi ikaadhiniwa. Mwisho akasema, “Laiti ningeyajua siku ile.” Sikuwa na la kumjibu ila kumwomba radhi.

SOMO LA MWISHO

Masomo matano ya kufunga kila mzunguko yafanyike hapa Mara. La mwisho liwe safari ya Butiama, ambako Mwalimu Nyerere alizaliwa mwaka 1922 na kuzikwa mwaka 1999, na ambako ipo makumbusho yake. Watoto wapitishwe kwanza Mwisenge, Musoma, aliposoma tangu mwaka 1934. Wakiwa Butiama waambiwe pia kuwa mtoto huyu wa chifu wa Kizanaki, asiyekuwa Mwislamu, alipofika Dar es Salaam alipokelewa na kina Abdulwahid Sykes, na kuwa Bibi Titi Mohamed aliongoza akina mama wa TANU, chama kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Hapo mtoto ataona kuwa historia ya dini yake na historia ya nchi yake zilikaa baraza moja.

Maimamu wenzangu, gharama ya mpango huu ni daftari moja, kamba moja, na ujasiri wa kuvuka wiki zinapokwisha. Mwaka ujao tusianze tena Mwaka wa Ndovu kwa kuwa tu ndipo tulipozoea. Tutazame kamba, tuulize watoto waliishia wapi, tuendelee kutoka hapo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (s.w.t.) atujaalie tuwe miongoni mwa wanaofikisha amana. Wallahu a'alam, wabillahi tawfiq.